Saa 24, Siku 14: Wanasiasa wa Ukambani na Haki za Raia

Agosti 1988 Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya Katiba ambayo siku hizi hayatajwi sana nje ya madarasa ya sheria. Yaliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, hivyo Rais akaweza kumng'oa jaji aliyemuudhi. Yaliwapa pia polisi idhini ya kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani. Hapo awali kikomo kilikuwa saa 24. Mswada huo ulipita haraka, bila upinzani wa maana. Naibu Spika wa Bunge hilo alikuwa wakili wa miaka 34 kutoka Tseikuru, Mwingi, aliyeitwa Stephen Kalonzo Musyoka.

Desemba 2024, vijana kadhaa waliokuwa wakimkosoa na kumkejeli Rais William Ruto mitandaoni walinyakuliwa barabarani na watu wasiovaa sare. Waliachiliwa mapema Januari 2025, baada ya kama wiki mbili, bila hakimu hata mmoja kuwaona. Kufikia mwisho wa Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu maandamano ya Juni dhidi ya serikali. Kati ya viongozi wakuu waliosimama kulaani vitendo hivyo, sauti ya Kalonzo, sasa kinara wa chama cha Wiper, ilikuwa miongoni mwa zilizosikika zaidi. Mawakili wa familia walikuwa wakidai saa 24, na Kalonzo alikuwa upande wao.

Siyaweki matukio haya mawili pamoja ili kumfumania mzee wa watu. Miaka 36 ni umri wa mtu mzima, na kiongozi ambaye hajabadili msimamo wowote kwa muda huo huenda hajasoma wala kusikiliza chochote. Kinachonisumbua ni kwamba Kitui na Makueni, kaunti mbili zilizochangia katika mapambano ya haki nchini mwetu kuliko idadi ya watu wake, hazijawahi kuwatoza viongozi wake hesabu ya mageuzi yao. Kiongozi hugeuka, tukampokea kwa vigelegele, kisha hugeuka tena. Hakuna anayemuuliza ni nini kilichombadilisha, wala atafanya nini siku polisi watakapokuwa chini yake.

Ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa mwaka 1988. Uchaguzi wa mwaka huo ulianza kwa kura ya mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, mchana kweupe, machifu na wakuu wa wilaya wakitazama nani kasimama wapi. Aliyepata asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa kuwa amepita, bila kura ya siri kufuata. Bunge lililozaliwa na utaratibu huo halikuwa na uti wa mgongo wa kumkatalia Rais Daniel arap Moi. Mwaka 1989 Bunge hilohilo liliwapiga marufuku waandishi wa magazeti ya Nation kuripoti vikao vyake. Mbunge aliyepinga alijua ada yake: kufukuzwa KANU, na nje ya KANU hapakuwa na siasa, kwa kuwa kifungu cha 2A kilikuwa kimekifanya kuwa chama pekee tangu Juni 1982. Kwa hiyo namwelewa mwanasiasa kijana wa Mwingi aliyenyamaza wakati ule. Kumwelewa, hata hivyo, hakumwondolei wajibu wa kueleza.

Tangu wakati huo mwendo wa Kalonzo unaweza kuchorwa kwa kufuata kiti alichokalia. Aliondoka KANU Oktoba 2002, baada ya Moi kumpendekeza Uhuru Kenyatta, akaingia NARC akizungumza lugha ya mageuzi. Mwaka 2005, katika kura ya maamuzi ya Katiba, alikuwa upande wa chungwa, yaani wa La, akaipinga rasimu ya Mwanasheria Mkuu Wako iliyompa Rais mamlaka mengi mno. Januari 2008, nchi ikiwaka moto wa ghasia za baada ya uchaguzi, aliukubali umakamu wa Rais chini ya Mwai Kibaki. Mapema mwaka 2011 alizunguka Afrika kuziomba serikali ziunge mkono kuahirishwa kwa kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kesi zilizokuwa tumaini la pekee la haki kwa wengi waliofiwa na kufurushwa mwaka 2008. Umoja wa Afrika ulikubali. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikukubali. Baada ya uchaguzi wa 2013 alijikuta upinzani, na Desemba 2014 serikali ya Uhuru ilipoleta marekebisho ya sheria za usalama, muungano wa upinzani wa CORD, ambao Kalonzo alikuwa mmoja wa vinara wake, ulikwenda mahakamani. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo. Ushindi huo ulikuwa wa kila Mkenya, na hiyo ni sifa anayostahili.

Ukiyapanga mambo haya yote mfululizo unaona jambo moja: akiwa nje ya serikali, Kalonzo huzitetea haki kwa ufasaha, akiwa ndani, huzitetea taasisi za serikali. Hayuko peke yake katika hili. Wanasiasa wengi wa Kenya wako hivyo, tangu waliopigania uhuru wakaja kuwafunga wenzao. Yeye amekaa muda mrefu kuliko wengi, pande zote mbili, ndiyo maana mwendo wake unasomeka wazi zaidi.

Kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyompachika jina la tikitimaji, kijani nje na nyekundu ndani. Kijani ilikuwa rangi ya Ndio, nyekundu ya La. Makanisa mengi yalipinga rasimu kwa ajili ya kifungu kilichogusia utoaji mimba na kile cha mahakama za kadhi, na Ukambani makanisa yana nguvu kushinda vyama. Makamu wa Rais aliyumba kabla ya kupanda jukwaa la Ndio. Nchi nzima iliikubali Katiba kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Mkoa wa Mashariki, ambamo Kitui na Makueni zilikuwa, ulikuwa mmoja wa mikoa miwili ambako kura za La zilizidi za Ndio, mwingine ukiwa Bonde la Ufa. Wapo wanaosema watu wetu waliongozwa na wachungaji. Mimi naamini pia waliisikia sauti ya kiongozi wao ikisitasita. Kiongozi asiposema kwa nini ameamua, wafuasi wake humalizia sentensi wenyewe.

Uchungu wake ni kwamba Katiba ile ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya watu wa kwetu. Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu iliongozwa na Nzamba Kitonga, wakili kutoka Kitui. Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba aliyeisukuma serikalini alikuwa Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni, Makueni. Na kuhusu Mutula lazima nikae kidogo, maana kwangu ndiye mgeukaji aliyelipa deni lake.

Mutula alikuwa wakili wa Moi. Baada ya uchaguzi wa 1997, Kibaki alipokwenda mahakamani kuupinga ushindi wa Moi, Mutula alikuwa miongoni mwa waliomtetea Rais. Kesi ile haikuamuliwa kwa ushahidi wa kura. Ilitupwa kwa sababu hati za malalamiko hazikukabidhiwa Moi mkononi. Fikiria maana yake: mlalamikaji alitakiwa kumfikia Rais aliyezungukwa na walinzi, amkabidhi karatasi ana kwa ana, la sivyo hana kesi. Mahakama ya Rufaa iliukubali mwenendo huo Desemba 1999, na mlango wa kupinga uchaguzi wa urais ukafungwa kwa kufuli la kiutaratibu.

Miaka kumi na moja baadaye, mtu huyo huyo alisimama kama waziri na kuitetea Katiba inayosema kwenye Ibara ya 140 kwamba mtu yeyote anaweza kupinga uchaguzi wa Rais mbele ya Mahakama ya Juu ndani ya siku 7, na mahakama iamue ndani ya siku 14. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu iliutumia mlango huo kuubatilisha uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika. Mutula hakuliona, alifariki Aprili 27, 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa seneta wa kwanza wa Makueni. Mlango aliosaidia kuufunga kama wakili alisaidia kuufungua kama waziri, na safari hii ukawekwa ndani ya Katiba, mahali ambapo wakili mwingine mwerevu hawezi kuufunga kwa ujanja wa karatasi. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 49, ilirudisha saa 24.

Mageuzi yake yalimgharimu pia. Akiwa Waziri wa Haki alitofautiana waziwazi na wenzake serikalini kuhusu kesi za The Hague na kuhusu washtakiwa kuwania urais. Machi 2012 aliondolewa wizara hiyo, akapelekwa Elimu, na nafasi yake ikachukuliwa na Eugene Wamalwa. Hilo ndilo ninalolitazama kwanza kwa mwanasiasa anayedai amebadilika: je, badiliko lake limewahi kumnyang'anya kitu, au limemletea vyeo tu?

Profesa Kivutha Kibwana alitembea njia hiyo kinyumenyume kabla ya kuirudia. Hakuanza na dola. Alianza dhidi yake. Alikuwa mkuu wa Kitivo cha Sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha mmoja wa viongozi wa vuguvugu la NCEC lililodai mageuzi ya Katiba kabla ya uchaguzi wa 1997. Mkutano wa Limuru wa Aprili mwaka huo na maandamano ya Saba Saba yaliyomwagiwa damu ndiyo yaliyoilazimisha KANU kukaa mezani na wabunge wa upinzani, wakapatana kwenye mpango wa mageuzi wa IPPG. Kizazi changu cha wanafunzi wa sheria kilimsoma Kibwana kabla ya kumwona.

Kisha akawa mbunge wa Makueni mwaka 2002 kwa tiketi ya NARC, akaingia serikalini. Kura ya maamuzi ya 2005 ilimkuta upande wa ndizi, yaani wa Ndio, upande wa rasimu iliyopunguza yale yaliyokubaliwa kwenye kongamano la Katiba la Bomas. Serikali ilishindwa, Kibaki akavunja baraza lake, na katika baraza jipya Kibwana akapewa Wizara ya Mazingira. Alikuwa humo Machi 2, 2006, usiku ule polisi waliojifunika nyuso walipovamia ofisi na mitambo ya gazeti la Standard, wakachoma magazeti na kuizima runinga ya KTN. Hakujiuzulu. Mwanasheria aliyewafundisha Wakenya maana ya uhuru wa kujieleza alibaki mezani pamoja na waliohusika na uvamizi ule. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa kuwa namheshimu. Mwaka 2007 wapiga kura wa Makueni walimwondoa.

Alichokifanya baadaye ndicho kinachoniokoa nisikate tamaa na wageukaji wote. Alipochaguliwa gavana wa kwanza wa Makueni mwaka 2013, alikuwa na nafasi ya kutawala kama magavana wengine, kwa amri na sherehe za kukata utepe. Badala yake aliteremsha maamuzi ya bajeti hadi kijijini: mikutano ya wananchi katika vijiji zaidi ya 3,000, kisha makundi ya vijiji, kisha wadi 30, hadi ngazi ya kaunti, na kamati zilizochaguliwa na wananchi wenyewe kukagua mradi unavyojengwa. Kandarasi haikulipwa mpaka kamati iridhike. Mama wa Kibwezi au Kilungu asiyejua Ibara hata moja ya Katiba alijua kwamba bila sahihi ya kamati yake mkandarasi hapati hela. Kwa mtazamo wangu hiyo ni haki ya kiraia iliyovishwa buti na kutumwa shambani.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti hawakufurahi. Ugomvi wa bajeti ulifikia risasi kufyatuliwa katika ofisi za bunge huko Wote Septemba 2014, na watu wakajeruhiwa. Wakazi walikusanya sahihi kuomba kaunti yao ivunjwe, gavana wao akiwa tayari kupoteza kiti pamoja na wengine. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ilipendekeza ivunjwe. Rais Uhuru alikataa mwaka 2015, na mwaka 2017 Kibwana akachaguliwa tena. Gavana anayekubali kuvunjwa kwa serikali yake ili wananchi waamue upya si wa kawaida, na ninafikiri mtu aliyekaa kimya mwaka 2006 ndiye aliyejifunza kutonyamaza mwaka 2014.

Kitui ina Charity Ngilu, ambaye nitamtaja kwa tukio moja. Julai 2007, akiwa Waziri wa Afya, aliingia kituo cha polisi jijini Nairobi, akamchukua mwanaharakati aliyeumia mikononi mwa polisi, akampeleka hospitali. Polisi wakamwandama waziri mwenyewe. Miezi michache baadaye alitoka kwa Kibaki kwenda kwa mpinzani wake wa urais, Raila, akapoteza wizara. Maisha yake ya kisiasa yana mizunguko mingi, ila siku ile alikuwa ndani ya serikali na bado alimwona aliyekuwa anaumia. Ningependa vinara wote waulizwe kama wana siku kama hiyo.

Wasomi nao hawakosi. Makau Mutua na Willy Mutunga, wote wana wa Kitui, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Human Rights Commission mwaka 1992. Mutunga alikuwa amefungwa kizuizini bila kesi kati ya 1982 na 1983. Mutua alikimbilia uhamishoni tangu ujana. Mwaka 2022 Mutua alikuwa msemaji wa kampeni ya urais ya muungano wa Azimio dhidi ya Ruto. Mwaka 2025 aliteuliwa mshauri wa Rais Ruto kuhusu masuala ya Katiba, akakabidhiwa jopo la kuwafidia waathiriwa wa maandamano. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Kerugoya ilisimamisha kazi ya jopo. Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu kati ya 2011 na 2016, mwaka huohuo wa 2025 alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam alipokwenda kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, Tundu Lissu.

Siwezi kusema kwamba kuingia serikalini ni usaliti. Familia zilizozika watoto zinahitaji fidia, na mtu anayejua sheria za haki za binadamu kama Mutua angeweza kuipigania kutoka ndani. Lakini fidia inayolipwa na ofisi ya Rais, huku maafisa wengi waliofyatua risasi wakiwa kazini bila kushtakiwa, inakaribia sana kuwa bei ya kunyamaza. Mutua ameandika kwa miaka mingi kuhusu uwajibikaji wa dola. Tuna haki ya kumwomba aandike tena, safari hii kuhusu mwajiri wake.

Kwa nini basi tunawasamehe wote bila kuwauliza? Jibu ninalolisikia kutoka Mutomo hadi Emali ni maji. Kaunti zetu ni kavu, mvua ya Novemba ikikosa mbuzi hufa, na mwanasiasa anayesema "twende serikalini tupate maendeleo" anagusa njaa ya kweli. Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, limekuwa ahadi ya kampeni moja hadi nyingine, na tarehe ya kukamilika kwake husogezwa kila mara. Katika hesabu hiyo haki za kiraia huonekana kama anasa ya vijana wa Nairobi wenye simu.

Hesabu hiyo ina kasoro, na Makueni ndiyo iliyoionyesha. Kijiji chenye haki ya kuuliza ndicho kilichopata maji yaliyolipiwa. Pale ambapo mwananchi anaogopa kusimama mkutanoni na kumuuliza mkuu wa kaunti pesa za kisima zimekwenda wapi, kisima hubaki kwenye karatasi. Na hofu hiyo haikomei Nairobi tena. Mwishoni mwa 2024 watu kadhaa walinyakuliwa Mlolongo, Machakos, jirani zetu kabisa, na Januari 2025 miili ya wawili wao ikapatikana makafani jijini. Wapo wazazi Ukambani ambao siku hizi huwazuia watoto wao kuandika chochote kuhusu serikali.

Mwaka 2027 Kalonzo ataomba kura kama mtetezi wa vijana hao. Atakuja Mwingi, atakuja Wote, na tutamshangilia kama kawaida. Naomba asiondoke jukwaani kabla ya kuulizwa mambo haya, kwa heshima na kwa sauti. Mwaka 1988 aliuonaje mswada wa siku 14, na leo anauonaje? Ziara za 2011 za kuahirisha kesi za The Hague anazitetea bado? Akiwa Rais, atamwachia Inspekta Jenerali uhuru anaopewa na Ibara ya 245, hata siku ambapo anayechunguzwa ni waziri wake? Magari yasiyo na nambari za usajili na maafisa wanaoficha nyuso atayaondoa kwa sheria gani, katika mwezi wa ngapi wa utawala wake, na atakubali Mamlaka ya Kusimamia Polisi ipewe bajeti na nguvu za kuwashtaki maafisa bila kupitia kwake?

Maswali hayo yanamhusu pia seneta, gavana na mbunge yeyote atakayesimama naye kwenye lori, pamoja na wagombea wa upande wa serikali watakaokuja kutuahidi lami. Majibu yaandikwe na vituo vya redio vya Kikamba, yawekwe mahali pa kusomeka, na yasomwe tena hewani siku ya kwanza polisi watakapomshikilia mtu kwa saa 25.